Wadudu wa Kompyuta Yetu

Wiki iliyopita mume wangu alirudi nyumbani na kompyuta ya mkononi iliyokwisha kutumika, akaiweka mezani, akauliza kama mtu anayeuliza chumvi iko wapi: "Tuweke Windows au Linux?" Nilikuwa nimeshafungua mfuniko wake wa chini ili nipulize vumbi, na harufu ikanipanda puani kabla sijamjibu. Vumbi lililopikwa na joto, plastiki kuukuu, na kitu kingine kama karatasi iliyobabuliwa na moto. Nilikuwa nimeshafika Nyakato, Mwanza, sebuleni kwetu, nina miaka tisa, na wadudu wameingia kwenye kompyuta kwa kosa langu.

Mliokua wakati wetu mtakumbuka kompyuta za siku zile zilivyokuwa. Baba alikuwa karani wa stoo kwenye kiwanda cha mafuta ya pamba, na kiwanda kilipoleta mashine mpya, zile za zamani waliuziwa wafanyakazi. Yake ilikuja juu ya mkokoteni, yeye akitembea pembeni ameshikilia kioo kwa mikono miwili, kama anayemsindikiza mgonjwa. Kioo chenyewe kilikuwa na kisogo kikubwa kiasi kwamba meza ilibidi isogezwe mbali na ukuta. Mama alifuma kitambaa cheupe cha kukifunika, na majirani walikuja kutazama kitambaa na kilichokuwa chini yake kwa heshima ileile.

Kompyuta ilikuwa ya Baba, kama vile redio ilivyokuwa ya Baba. Alituketisha kwenye mkeka, akabonyeza kitufe, na ule mlio wa kuwaka ulipotoka tukapiga makofi. "Hii ndiyo Windows," alisema. "Dunia nzima inatumia hii. Benki, kiwandani, serikalini. Ukiijua hii umemaliza." Kisha akacheza karata za kwenye kioo hadi chakula kikapoa. Pale chini pembeni kulikuwa na alama nyekundu iliyokuwa ikitokea kila siku na maandishi ya Kiingereza. Baba aliifunga kila ilipotokea. "Hiyo inaomba hela tu," alisema, nami nikaihesabu pamoja na ombaomba wengine wa mjini.

Aliyeitumia kompyuta kwa kazi hasa alikuwa Mama.

Mama ni mtu wa Nansio, kisiwani Ukerewe. Alikuwa kidato cha pili alipoacha shule, na sababu ya kuiacha ni mimi, niliyekuwa tumboni. Hakuwahi kunitamkia hivyo, lakini watoto wanajua kuhesabu. Alikuja Mwanza, akaolewa na Baba, akauza dagaa, na katikati ya dagaa akaanza kusoma tena polepole. Alifanya mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea, nikiwa nimelala mgongoni mwake wakati wa masomo ya jioni. Nilipofika darasa la tatu yeye alikuwa mwaka wa mwisho wa stashahada ya maendeleo ya jamii. Ilibaki ripoti ya utafiti, basi.

Utafiti wake ulihusu kitu alichokijua kwa ngozi yake: wanawake wa Ukerewe wanaoanika dagaa mchangani, na wale walioanza kuanika juu ya vichanja vya wavu. Nani anapata dagaa safi, nani anaharibikiwa mvua ikija, nani ananyimwa hata hicho kichanja na mumewe. Alivuka ziwa mara tatu kwenda kuwahoji. Safari ya mwisho mawimbi yalipanda hadi kwenye sitaha na madaftari yake yakalowa. Alirudi nyumbani, akazichana kurasa moja moja, akazianika kwenye kamba ya nguo, na kila ukurasa uliokauka aliuandika kwenye kompyuta kabla wino haujafutika kabisa. Aliandika kwa vidole viwili. Alasiri nzima nilikuwa nikisikia tok, tok, kimya, tok, kama kuku anayedonoa bati. Bibi mmoja aliyekuwa ameanika dagaa tangu ujana wake, na aliyempa Mama maneno mengi kuliko wote, alifariki wiki mbili baada ya mahojiano. Maneno yake yalikuwa yamebaki mahali pamoja tu, chini ya kile kitambaa cheupe.

Ndipo wakaja wadudu. Nazungumzia kwanza wale wa kweli, wale wadogo wa ziwani wanaonyanyuka juu ya maji kama moshi wa kichaka kinachoungua. Siku upepo ukiwaleta mjini, wanaingia kwenye chai, kwenye nywele, kwenye kila taa. Jumamosi hiyo niliambiwa nifunge madirisha, nikasahau kwa sababu nilikuwa narukaruka kamba na wenzangu. Niliporudi ndani walikuwa wametanda juu ya kioo cha kompyuta, kile kioo chenye joto, wengine wakiungua taratibu juu ya matundu ya nyuma. Niliwafuta kwa sketi yangu na sikumwambia mtu.

Jumapili tulitoka kanisani, Mama akawasha kompyuta aongeze sura ya mwisho. Alikuwa ametoka kuchapisha kurasa chache kwenye steshenari siku mbili nyuma, na flashi yake ilikuwa imezunguka kwenye mashine za watu. Akaichomeka. Nilikuwa nachambua mchele karibu naye, nikasikia tok, tok, halafu kimya kirefu.

"Baba Limi," aliita. "Njoo uone."

Folda zake zote zilikuwa zimegeuka kuwa vialama vyenye mshale mdogo. Akibonyeza, hakuna kitu. Baba akachukua kiti, akabonyeza yeye, kwa nguvu zaidi, kana kwamba tatizo lilikuwa kidole cha Mama. Kompyuta ikawa nzito, ikajizima, ikawaka yenyewe, ikajizima tena.

"Imeingiwa na wadudu," Baba alisema.

Mchele ulinimwagika.

"Wamepitia wapi?" Mama aliuliza.

"Si hapo kwenye Windows! Windows yetu iko wazi kabisa, haina ulinzi."

Ninyi mnacheka. Mimi wiki ileile mwalimu wa Kiingereza alikuwa ametuimbisha darasa zima, dirisha ni window, madirisha ni windows, tukionyesha kwa vidole. Hakuna mtu duniani aliyewahi kuelewa jambo vizuri kama nilivyolielewa mimi siku ile. Madirisha yalikuwa wazi, wadudu wakaingia, wakala ripoti ya Mama. Aliyeacha madirisha wazi nilikuwa mimi.

Kuanzia hapo nilikuwa mlinzi. Nilifunga kila dirisha, nikaziba nyufa kwa matambara, nikafunga hata kile kidirisha cha chooni. Nyumba yenye paa la bati, Mwanza, jua la saa nane! Baba alikuwa akiingia, anayafungua, anatoka, nami nayafunga nyuma yake. Jumatatu Mama alikuta nimevua chandarua cha kitandani kwangu na kuifunika nacho kompyuta. Hakuniuliza. Alikuwa na mawazo yake. Ripoti ilitakiwa chuoni Ijumaa, kabla ya saa tisa alasiri, na mkufunzi alikuwa amesema wazi kwamba atakayechelewa atarudia mwaka.

Jioni ile walibishana kwa sauti za chini, zile ambazo mtoto huzisikia kuliko kelele. Rafiki wa Baba wa kiwandani alikuwa amesema dawa ni moja: kufuta kila kitu na kupiga Windows upya.

"Na ripoti yangu?"

"Mama Limi, utaandika upya. Ulishaandika mara moja, mara ya pili ni rahisi."

"Nitaandika upya kutoka wapi? Madaftari yameshakuwa uji. Yule bibi nimfufue nimwulize tena?"

Baba hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu anayejua kompyuta, na kompyuta ilikuwa imemshinda mbele ya mke wake. Akasema, "Basi mpigie huyo ndugu yangu, kama mnadhani mimi sijui."

Ndugu yake huyo ni Shangazi Kabula, mdogo wake, aliyekuwa akitengeneza kompyuta kwenye duka la familia moja ya Kihindi huko Mirongo, mjini. Alikuwa mfupi, mwenye bisibisi kwenye mkoba mahali ambapo wanawake wengine huweka poda, na yeye na Mama walipendana kuliko mawifi wengi ninaowajua. Alifika Jumanne asubuhi, nami sikwenda shule kwa sababu nilisema tumbo linauma, na kweli liliuma.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba, Limi. Mbona humu ndani kama tanuri?" Akafungua dirisha. Nikataka kulia. Akamgeukia Baba aliyekuwa anafunga vifungo vya shati la kazi, akamsalimu kwa Kisukuma. "Mwangaluka, kaka."

"Mwangaluka. Haya, tuonyeshe."

Shangazi alichomoa CD kutoka kwenye bahasha ya karatasi. Haikuwa na picha, ilikuwa na maandishi ya kalamu tu. Aliiingiza, akawasha mashine, na badala ya ule mlio tuliouzoea na ile picha tuliyoizoea, kikatokea kioo cha rangi nyingine kabisa, vitu vimekaa mahali pengine, kama kuingia nyumba ya jirani iliyojengwa na fundi yuleyule lakini mlango uko upande wa pili.

"Umefuta Windows!" Baba alisema.

"Sijagusa kitu. Hii ni Linux, inawaka kutoka kwenye CD yenyewe. Windows yako imelala pale kwenye diski, haijui hata kama tumekuja." Akafungua diski ile. Zikatokea folda, zikajaa kioo. Akashuka nazo taratibu. "Wifi, ripoti yako inaitwaje?"

"Dagaa," Mama alisema. "Nimeiita Dagaa."

"Hii hapa. Dagaa moja, Dagaa mbili, Dagaa ya mwisho, Dagaa ya mwisho kabisa. Hawa wadudu hawakula kitu, wifi. Wamezificha folda halafu wakaweka vialama vya uongo mbele. Windows ilifuata amri yao ikazificha. Linux haifuati amri za wadudu wa Windows, inakuonyesha kila kilichopo."

Mama aliweka mkono mdomoni. Hapo ndipo mimi nikashindwa. Nikalia kwa sauti, nikasema yote, Jumamosi, kamba, madirisha, wadudu wa ziwani, sketi. Nikaapa kwamba tangu siku ile nimefunga hata la chooni. Shangazi akaanza kucheka, akashika meza, Baba naye akacheka mpaka akakaa chini na shati lake la kazi. Mama hakucheka. Alinivuta akanikalisha mapajani, mtoto wa miaka tisa mwenye miguu mirefu, akaniambia sikioni, "Kumbe ndiyo maana umekuwa ukilala bila chandarua."

Baada ya vicheko yakaja mazungumzo ya watu wazima, nami nikiwa pale mapajani niliyasikia yote. Baba alisema sawa, faili zimepatikana, sasa zitolewe, Windows ipigwe upya, maisha yaendelee. Shangazi akasema yaendelee kwa muda gani?

"Windows siyo mbaya, kaka. Windows halali, inayosasishwa, yenye ulinzi wake, mtu anakaa nayo miaka bila tabu. Hii yako ni ya kunakili. Tangu uipige hujawahi kuisasisha, na ile alama nyekundu umeizoea kama kalenda ya ukutani. Kila anayekaa hapa ana mamlaka yote. Flashi ikiingia na mdudu, mdudu naye ana mamlaka yote."

"Na hiyo yako ina nini cha ziada? Kitu cha bure kina kasoro."

"Haimwamini mtu. Kitu kikitaka kujipachika kwenye mfumo, kinaulizwa paswedi kwanza. Halafu wadudu wengi wameandikwa kwa ajili ya Windows, kwa sababu ndiko watu waliko. Mwizi wa mfukoni haendi porini, anakwenda sokoni. Lakini sikudanganyi. Huku nako hakukosi wadudu, na siku watu wakihamia, wezi nao watahamia."

"Karata zangu zimo?"

"Karata zimo za kila aina. Ila kuna vitu utavikosa. Ile programu ya kiwandani unayofungua hapa haitafunguka. Video za harusi zitakataa mpaka nikuletee vipande fulani vya programu kutoka mjini, maana hapa hakuna intaneti. Na mashine hii ni ya zamani, Linux ndiyo itaibeba vizuri."

Walikubaliana nusu kwa nusu. Shangazi alinakili kila kitu pembeni, akaisafisha diski, akaigawa kama shamba la urithi: upande mmoja Windows ya Baba iliyopigwa upya, upande mwingine Linux ya Mama. Ukiwasha, kioo kilikuuliza unakwenda kwa nani. Nilipenda sana swali lile. Siku nzima niliiwasha na kuizima ili niulizwe.

Kazi ilipoisha Shangazi hakuondoka. Alimkalisha Mama kwenye kiti, akaweka mikono yake mwenyewe nyuma ya mgongo. "Ijumaa nitakuwa kwenye meli naenda Bukoba, kuna shule inafungiwa kompyuta. Kwa hiyo yote niliyofanya leo utayafanya wewe, sasa hivi, nikiangalia." Mama akasema atavunja kitu. Shangazi akasema, "Vunja nikiwa hapa." Mama aliwasha kwa CD. Alikosea, akarudia. Akafungua diski, akatafuta faili, akaiweka kwenye flashi. Shangazi akamwambia zima, anza upya. Mara tatu! Mara ya tatu vidole viwili vilikuwa vimeshakuwa vinne.

Siku tatu zilizofuata nyumba yetu ilikuwa na vyama viwili. Baba alikuwa akiwasha upande wake jioni, akaweka video ya harusi ya mjomba, akaongeza sauti ili isikike vizuri kwamba inafunguka. Upande wa Mama uliwaka haraka zaidi, hilo hata Baba aliliona, akasema ni kwa sababu bado mpya. Jumatano Mama alipeleka sura mbili steshenari kujaribu, na kule zilipofunguliwa kwenye Windows majedwali yake yakawa yamehama, safu ya bei imeingia kwenye safu ya majina, mistari imepanda juu ya mistari. Alirudi amekunja uso. Baba alisema, "Nilisema," neno moja tu, na lilitosha. Mama alimpigia simu Shangazi kwa dakika chache za vocha zilizobaki. Jibu lilikuwa kwamba hati ikikamilika aitoe kama PDF, ambayo huwa haihami popote ifunguliwapo. Alijaribu. Akaipanga upya ripoti nzima, akaitoa hivyo.

Na flashi ile iliyotoka steshenari, alipoichomeka upande wake, aliniita. "Limi, njoo umwone mdudu." Alikuwa pale, faili dogo lenye jina la herufi zisizosomeka, limekaa kimya kati ya folda kama kupe aliyekufa. Upande wa Baba angeshaanza kazi. Upande huu hakuwa na lugha ya kuongea na mtu. Mama alimbonyeza, akamfuta, akapangusa mikono kwenye kanga kana kwamba alimshika kweli. Sijawahi kuona mtu mzima akifurahi namna ile kwa jambo dogo namna ile.

Ijumaa Baba aliomba ruhusa ya nusu siku. Alisema anatusindikiza kwa sababu ripoti ikishachapishwa itakuwa nzito. Tulifika steshenari ya Mirongo saa nne, tukakuta watu wamejaa hadi kwenye ngazi. Ilikuwa siku ya mwisho kwa chuo kizima. Ndani, mwenye duka, Dada Zaituni, alikuwa amesimama katikati ya kompyuta zake tatu ameshika kichwa. Zote zilikuwa na wadudu. Kila flashi iliyoingia ilitoka ikiwa na vialama vya mishale. Mwanafunzi mmoja mwanamume, mtu mzima mwenye ndevu, alikuwa analia bila kujificha.

"Fundi anakuja?" Baba aliuliza.

"Fundi amesema saa kumi," Dada Zaituni alijibu. Saa kumi chuo kingekuwa kimeshafungwa.

Tulikuwa na PDF yetu kwenye flashi, salama. Lakini kuichomeka pale ilikuwa kama kumpeleka mtoto mzima kwenye wodi ya surua. Mama alisimama kidogo. Nilimwona akipapasa mkoba, akatoa ile bahasha ya karatasi. Shangazi alikuwa amemwachia.

"Dada Zaituni," alisema, "niruhusu niwashe mashine moja kwa CD hii. Haitagusa chochote chako."

Watu walimtazama. Alikuwa na kanga yake ya kawaida, viatu vya wazi, na wengi pale walimjua kama Mama Dagaa, anayewauzia dagaa. Mtu mmoja alisema kwa nyuma, "Huyu naye ataharibu na hiyo iliyobaki." Mwingine akacheka. Mama alisita, nikaona bega lake likishuka.

Baba akapenya hadi mbele. Nilidhani anakuja kumchukua turudi nyumbani. Alisimama kando ya kiti, akawageukia wale watu, akasema kwa ile sauti yake ya stoo, "Mpisheni. Anajua anachofanya."

Mama akaketi. Kioo kikawa cheusi, watu wakaguna, kisha zile rangi tulizozijua nyumbani zikajitokeza. Alichomeka flashi. Akafungua. Ripoti ikatokea, majedwali yamesimama wima kama askari. Akabonyeza kuchapisha. Hakuna kitu. Akabonyeza tena. Hakuna. Mama akasogeza uso karibu na kioo, akasoma kwa sauti ya chini maneno ya Kiingereza moja moja, akafungua orodha, akachagua printa kwa jina lake. Mashine ikakohoa. Ukurasa wa kwanza ukatoka, wenye joto, Baba akaupokea kwa mikono miwili.

Kurasa sabini na moja zilitoka. Zilipoisha, yule mwenye ndevu alikuwa amesimama mbele ya Mama na flashi kwenye kiganja. Mama alitazama saa ya ukutani. Saa tano na nusu. Akaichukua flashi, akaichomeka, akashuka taratibu kwenye orodha. "Yako inaitwaje?"

"Maji ya Visima, mama."

"Hii hapa."

Yule mtu alipiga kelele kama aliyefunga goli. Baada ya hapo kila mmoja alileta yake, foleni ikanyooka yenyewe. Hawakumwita tena Mama Dagaa. Waliita, "Fundi, na yangu! Fundi, nimefika kabla yake!" Dada Zaituni alileta soda. Baba alipanga kurasa za watu kwenye mafungu, akaandika majina juu kwa mwandiko wake wa karani, na mimi nilizijalidi kwa spairo kwa mashine ya mkono, mikono ikiniuma, nikiwa na furaha ambayo hadi leo sijaipata mara nyingi. Mama alirudisha ripoti za watu kumi na wanne. Ya kumi na nne ilipotoka ilikuwa saa nane kasoro.

Mama alipata stashahada. Baadaye aliajiriwa na halmashauri, na vichanja alivyoandika habari zake viko hadi leo kwenye fukwe nyingi za Ukerewe, ingawa sitasema ni kwa sababu yake peke yake. Baba aliendelea na upande wake miaka mingi, lakini alinunua Windows halali, na ile alama nyekundu ilipotokea alisoma inasema nini. Video alitazama kwake, barua za maana aliandika upande wa Mama, na kila alipoleta flashi kutoka kazini alimkabidhi Mama kwanza aikague. Mume wangu nimemwambia hivyohivyo: kama unataka kitu ambacho kila duka linakijua, weka Windows, lakini ilipie na uisasishe; kama mashine ni kuukuu na unataka amani, weka Linux na ukubali kujifunza. Ulinzi wenyewe uko kwa anayeketi kwenye kiti.

Lakini nikiwa peke yangu sikumbuki hayo. Nakumbuka saa nane na dakika zake, ofisi ya chuo yenye feni inayolia, na karani mwanamke asiyenyanyua kichwa kutoka kwenye rejista. Mama alikuwa na jasho, wino mkononi, na mimi na Baba tumesimama nyuma yake kama mashahidi wa harusi. Aliiweka ripoti mezani.

"Jina?" karani aliuliza.

Mtaani alikuwa Mama Limi. Kwa Baba alikuwa Mama Limi. Hata kanisani alikuwa Mama Limi. Nikafungua mdomo nimsaidie kujibu, Baba akanigusa bega nisiseme.

"Veronika Magoma," Mama alisema, na alilisema kwa sauti iliyofika hadi kwenye benchi la nje. "Veronika kwa K."

Karani akanyanyua kichwa, akamtazama, akaandika.